Kilomita Kumi kwa Saa ya Nani

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni fundi saa, na mtaa mzima unamwita Kamili. Jina amejitafutia mwenyewe. Ukiniuliza mimi saa ngapi, nitakwambia kama saa nne hivi, na maisha yataendelea. Yeye hana "kama" na hana "hivi". Atakwambia saa nne na dakika tatu, atanyamaza kidogo, kisha ataongeza: "Sasa dakika nne." Mimi ni fundi baiskeli, naitwa Pancha, na kwa miaka ishirini na sita tumetenganishwa na ukuta wa mbao mwembamba hivi kwamba yeye akipiga chafya, wateja wananipa pole mimi.

Duka lake lina upana wa meza moja. Ukutani kuna saa sitini na kitu, zote zikitikatika kila moja kwa wakati wake. Hulifungua saa mbili kamili asubuhi. Akifika mapema husimama nje, ufunguo ukiwa ndani ya kufuli, macho kwenye mkono wake wa kushoto, mpaka dakika itimie. Hapo ndipo huusukuma juu ule mlango wa chuma, na kelele yake huwafanya mama wa duka la dawa na fundi cherehani warekebishe saa zao. Na tangu nimjue amekuwa akitangaza kwa yeyote mwenye masikio: "Siku nitakayofungua duka hili baada ya saa mbili, ndiyo siku nitakayolifunga moja kwa moja." Amelisema mara nyingi mpaka sisi tukaacha kulisikia. Binti yake hakuacha.

Kabla sijafika kwa binti, kuna ugomvi mmoja lazima niueleze, la sivyo mtadhani natia chumvi. Kamili ana kisa na saa zenyewe. Anasema ni waongo. Ikifika saa moja asubuhi, mkono wa saa unaonyesha saba na mdomo wa mtu unasema moja, na hilo sisi sote tumelizoea tangu tunyonye. Yeye amekataa kulizoea. "Mkono unasema lake, mdomo unasema lake, halafu mnashangaa watu wanachelewa." Saa za wateja huziacha zilivyokuja, kwa sababu na yeye anakula. Lakini nyumbani kwake kila chenye saa, kuanzia ya ukutani mpaka ya redio, kimerudishwa nyuma saa sita, ili ikiwa saa moja mkono uonyeshe moja. Mgeni akilala kwake, anaamka kachanganyikiwa.

Mwaka huu magoti yake yalikataa. Nyumba yake iko kilomita saba kutoka hapa, na baiskeli ya kawaida niliyomtunzia miaka yote ikamshinda. Mabasi hapandi, anasema hawezi kupanda kitu kisichojua dakika. Binti yake ni muuguzi, mtoto wake pekee, mwenye upole wa kukuchoma sindano huku akikuuliza habari za nyumbani. Alitaka wazazi wahamie kwake. Mama ana presha ya macho, baba hana magoti, chumba kipo na godoro lipo. Kamili akasema duka halifungwi. Wakabishana wiki nzima, mwisho binti akamnunulia baiskeli ya umeme, ya buluu, yenye kioo kidogo kwenye usukani kinachoonyesha mwendo, betri na saa.

"Nakupa mwezi mmoja, baba," akamwambia mbele yangu. "Ikikufikisha saa mbili kila siku, sitafungua mdomo tena. Ikishindwa, neno lako unalijua."

"Nalijua," akasema Kamili. Kisha akainama kwenye kile kioo, akaona kinaonyesha nane na ilikuwa saa mbili, akaguna, akabonyeza bonyeza mpaka kikaonyesha mbili. Nilimwona kwa macho yangu haya. Wala sikuwaza kitu.

Siku ya kwanza alifika saa mbili na dakika kumi na saba. Ya pili, kumi na saba. Ya tatu, kumi na saba, uso umemkunjamana kama shati la ndani ya mfuko.

"Ondoka mapema basi," nikamwambia.

"Siwezi. Mama watoto anatiwa dawa ya macho saa moja na nusu. Daktari amesema saa hiyo hiyo kila siku, na mkono wake mwenyewe unatetemeka. Namtia, nafuta, natoka saa moja na dakika thelathini na tano. Hii baiskeli wamesema inakwenda kilomita ishirini na tano kwa saa. Kwangu inakwenda kumi. Ikifika kumi ni kama kuna mtu ameshika kiti kwa nyuma."

"Kanyaga kwa nguvu."

"Kwa magoti ya nani?"

Kuhusu baiskeli mimi simwogopi mtu. Asubuhi nina foleni ya matairi, kwa hiyo mchana, kazi ilipopungua, nikaitundika baiskeli yake. Nikajaza upepo. Nikakagua breki kama zinabana rimu, hazikubana. Nikalainisha mnyororo, nikafuata kila waya na kidole, nikakisogeza kile kisumaku cha kwenye spoki kinachohesabu mizunguko ya gurudumu. Nikapandisha msaada wa mota mpaka namba tano, ambapo, kwa kusema kweli, ilikuwa tayari. Saa tisa nikaipanda kuijaribu. Ilinitoka mikononi. Nilipita duka la dawa kofia ikiwa imebaki nyuma, nikaishia kwenye marobota ya vitambaa ya fundi cherehani.

"Imepona," nikamwambia Kamili.

Kesho yake, dakika kumi na saba.

Hapo ndipo tulipoanza kuugua sote wawili. Jioni baiskeli ilimrudisha nyumbani kama ng'ombe aliyekumbuka zizi. Asubuhi ilikuja kazini kama mtu aliyeitwa na mkuu wake. Nikasema tatizo ni mzigo, nikampekua, nikamkuta na saa tatu mfukoni na moja ya mezani ndani ya koti. Tukaziacha. Kumi na saba. Nikasema labda barabara ya kuja ina mlima usioonekana. Tukatembea na sahani ya maji kituo hadi kituo, tukiiweka chini na kuiangalia inaelekea wapi. Mama mmoja akatuuliza tumepoteza nini, Kamili akamjibu kwa heshima zote, "Mteremko." Hatukuupata.

Kisha mimi, bingwa, nikagundua jambo. Asubuhi betri imejaa na baiskeli inakokota, mchana betri imepungua na baiskeli inaruka. Kwa hiyo ikishiba inalala. Nikamshauri asiichaji usiku ule. Akanisikiliza, maskini. Ilizima katikati ya safari, akaisukuma mpaka hapa, akafika saa tatu kasoro dakika sita, na kwa siku mbili hakunisemesha. Alikuwa akibisha ukuta anapotaka bisibisi.

Mnauliza duka lilikuwaje siku zote hizo. Lilifunguliwa saa mbili kamili. Mimi nina ufunguo wake wa akiba, na kila asubuhi niliacha tairi la mteja likining'inia, nikaenda kuusukuma ule mlango kwa kelele ile ile. Mama wa duka la dawa alipopigiwa simu na binti akasema, naam, mlango nimeusikia. Kamili mwenyewe hawezi kudanganya hata akishikiwa panga. Binti akimuuliza jioni, alimjibu: "Mlango umefunguliwa saa mbili." Uso wake ulikuwa unawaka nikimsikia. Alijificha nyuma ya hilo "umefunguliwa" wiki tatu, na wiki ya nne binti akamuuliza: "Umefunguliwa na nani, baba?"

Akakata simu. Kwa mara ya kwanza namwona anakata simu. Binti akamtumia ujumbe: Jumamosi, siku ya mwisho ya mwezi, atakuja mwenyewe asimame mlangoni.

Tukampigia muuzaji wa baiskeli. Ilikuwa saa nane mchana, nimeweka simu katikati yetu, Kamili ameshika kalamu.

"Hapo kwenye kioo mnaona mwezi?" akauliza muuzaji.

Nikatazama. "Hakuna tarehe hapa. Kuna saa tu."

"Siyo tarehe, mzee. Mwezi. Mwezi ukiwepo, spidi inabanwa. Ni usalama wenu. Mwezi ukiisha inaachia yenyewe."

Kamili akaandika: mwezi ukiisha inaachia. Tukamshukuru, tukakata. Nami nikamweleza kwa sauti ya mtaalamu kwamba ni kweli, chombo kipya hubanwa mwezi wa kwanza mpaka mota izoee. Nilikuwa sijawahi kulisikia jambo hilo maishani mwangu, lakini lilinitoka vizuri. Akahesabu kwenye kalenda. Mwezi wa baiskeli ungeisha Jumamosi jioni. Mwezi wa binti ungeisha Jumamosi asubuhi.

"Nimemaliza, jirani," akasema. Akavua kile kijicho cha kioo anachotazamia saa, akakifuta, akakiweka kwenye sanduku lake. Akaanza kubandika karatasi kwenye saa za wateja, kila moja na jina la mwenyewe, ili watakapokuja wasikute duka halina mtu wa kuwaonyesha yao ni ipi. Roho iliniuma. Ukuta ule wa mbao ningeongea na nani nyuma yake?

Ijumaa nikaacha foleni ya matairi, ufunguo wa akiba nikamwachia fundi cherehani afungue, nikamfuata nyumbani kwake asubuhi. Nilitaka kuuona ugonjwa ukiwa kitandani. Tukatoka saa moja na dakika thelathini na tano, yeye kwenye umeme, mimi kwenye baiskeli yangu kuukuu. Ilibidi nikanyage breki ili nisimwache. Mtu mmoja anayesukuma mkokoteni wenye kabati akatupita. Kabati lilikuwa na kioo mlangoni, na kwa muda mrefu tulijiona wazee wawili ndani yake tukizidi kuwa wadogo.

Nikasogea karibu nitazame usukani. Mwendo, kumi. Betri, imejaa. Saa, 1:52. Na pembeni, kwenye kona, kulikuwa na kitu kama ukucha uliokatwa.

"Hiki nini?"

"Urembo," akasema.

"Mchana hakipo."

"Huwa kinaondoka."

Nikauvuta usukani wake, tukasimama katikati ya barabara. "Jirani, huu ni mwezi. Mwezi wa mbinguni. Kinaondoka saa ngapi?"

Kamili akakitazama tena kile kitu. Hakujua. Nadhani hakuna kitu kilichomwaibisha zaidi mwaka huu kuliko kuulizwa saa na kukosa jibu.

Tulipofika dukani tuliisimamisha baiskeli kwenye kizingiti, tukaiwasha, tukaikalia kitako kama watu wanaomlinda kuku asitage kwa jirani. Wateja wangu nikawaambia nimefiwa kidogo. Saa mbili na nusu, mwezi upo. Saa tatu, upo. Saa nne jua lilikuwa linachoma upara wangu na mwezi upo. Kioo kikaandika 4:59, kisha 5:00, na ule ukucha ukafutika.

Nikaruka kwenye kiti, nikazunguka mtaa, ishirini na tano. Nikarudi nikimcheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika tama akiitazama ile 5:00, na niliona kwamba fundi saa ameelewa kitu ambacho fundi baiskeli hajakielewa.

"Inadhani sasa hivi ndiyo kumekucha," akasema.

"Nani?"

"Hii. Ikisoma tano inajua ni saa kumi na moja alfajiri, ndivyo ilivyofundishwa. Nikitoka nyumbani saa moja na nusu inasoma moja na nusu, inajua ni usiku wa manane. Inanizuia mbio nisigonge watu gizani." Akakifuta kioo vumbi kwa kidole gumba. "Inanionea huruma."

Nikautazama usukani. Kisha nikakumbuka ile siku ya kwanza, bonyeza bonyeza, na nane ikawa mbili. Wiki nne nimefungua kila nati ya baiskeli ile, na ugonjwa aliutia mgonjwa mwenyewe kwa kidole kimoja.

"Basi," nikasema, "sasa ni saa tano. Iandikie kumi na moja, tumalize."

"Sitaki."

"Binti anakuja kesho."

"Niandike uongo, Pancha? Nipande juu ya uongo kilomita saba, kila siku, huku naukodolea macho?"

Nikamwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Nikataka kuibadilisha mwenyewe, akakifunika kioo kwa viganja vyote viwili. Tulivutana mpaka mama wa duka la dawa akatoka nje kuuliza kama tumepata tena ule mteremko.

Jioni nikamfuata mpaka kwake, kwa sababu kichwa kigumu kinahitaji mashahidi. Mkewe alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo kwa kupapasa, miwani myeusi usoni. Nikamwambia, "Shemeji, hukumu," nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akaivua miwani. Akacheka tena nilipofika kwenye kabati. Kamili alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu.

Kicheko kilipomwisha, akaendelea kukunja. Akasema bila kunyanyua uso:

"Unaikumbuka kadi yangu ya kwanza ya macho?"

"Ile siku daktari hakuja," akasema Kamili.

"Daktari alikuja. Kadi waliandika tisa. Nikatazama saa yetu hapo juu, nikangoja mkono wake ufike tisa, nikaenda. Nilifika hospitali saa tisa mchana. Walikuwa wameniita tangu saa tatu asubuhi, wakachoka, wakaita wengine. Nikapangiwa miezi minne mbele." Akaweka shati juu ya shati. "Hili jicho la kushoto limefifia katika miezi hiyo."

Nilitamani ardhi inimeze, na kosa halikuwa langu. Saa za nyumba ile zote zilikuwa zinatikatika.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza Kamili. Sauti yake sikuijua.

"Ungewaandikia barua hospitali kwamba saa yao inadanganya."

Hakubisha. Sote watatu tulijua kwamba angeandika, na angeipeleka mwenyewe saa mbili kamili. Nikaaga. Hakunisindikiza, kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

Jumamosi nilifika mapema kuliko kawaida. Ufunguo wa akiba niliuacha nyumbani makusudi, nisije nikajaribiwa. Saa mbili kasoro robo binti alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chuma, simu mkononi. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mwanangu." Nikarudi kwenye pampu yangu. Mama wa duka la dawa alikuwa anafagia pale alipokwisha kufagia. Fundi cherehani alikuwa anashona kwa cherehani isiyo na uzi. Mimi roho ilikuwa juu, nilimpa mtu pampu badala ya chenji.

Saa mbili kasoro dakika nane akakata kona. Tai yake ilikuwa imepanda begani kwa upepo. Alipita mbele ya duka lake, kwa sababu hakuzoea breki za mwendo ule, akarudi akiisukuma, akaiegemeza ukutani kwangu. Binti akashusha pumzi, nikaona machozi yamemlengalenga, ingawa alikuja kushinda.

"Basi, baba. Nimeona. Fungua."

"Bado," akasema Kamili. Akatia ufunguo kwenye kufuli, akatazama mkono wake. "Bado dakika saba."

Tukazisubiri zote saba, mtaa mzima, kama watu walioalikwa. Zilipotimia akausukuma mlango juu, kelele ikapiga, na mama wa duka la dawa akarekebisha saa yake ambayo haikuwa na kosa lolote. Binti akacheka, akamshika baba yake bega. Muuguzi ni muuguzi, macho yake yakatua kwenye usukani. Kile kioo kilikuwa kinaonyesha mwendo na betri. Sehemu ya saa ilikuwa imebandikwa plasta ya jeraha, imekatwa vizuri kwa mkasi, pembe nne.

"Baba, hii ya nini?"

"Kuna kidonda."

"Cha nani?"

Kamili aliingia dukani kwake, akaanza kubandua zile karatasi za majina, moja moja. "Changu," akasema.

Hakumweleza zaidi, nami sikuongeza. Jumapili nilikwenda kumsalimia shemeji. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Kuanzia sebuleni mpaka jikoni, saa zote za nyumba ile zilionyesha tatu. Ile ya juu ya kitanda chake ilionyesha tisa, na haikuwa na plasta.